Mwaka wa Mafuriko Mawili

Ukitoka Hospitali ya Muhimbili, Upanga, ukashika njia ya Jangwani, ardhi inateremka hadi bonde la Msimbazi. Ng'ambo yake ni Magomeni. Desemba 2011 bonde lile lilifurika kwa mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu 1954. Watu walikufa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Vyeti, hati na kompyuta vilikwenda na maji.

Miezi miwili kabla, Oktoba, maji yalikuwa yamefunika viwanda vya Thailand, kikiwemo cha Western Digital huko Bang Pa-in. Thailand ilikuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya hadi diski za dunia, kwa hiyo bei zikaruka kila mahali. Sisi wa steshenari za Upanga, tunaochapa na kutunza tasnifu za wanafunzi wa udaktari, tulibanwa huku na huku: haja ya nakala ya akiba imeonekana wazi, na cha kuhifadhia hakishikiki kwa bei.

Kazi hii ya kutunza nakala ina historia fupi hapa kwetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, na kamba ikaja kulegezwa miaka ya 1980. Kwa wengi wetu, nakala ya pili ilikuwa ya kaboni, nyuma ya karatasi ya taipu. Kisha zikaja disketi za megabaiti 1.44, sidii, flashi na virusi vyake, halafu eksteno, yaani hadi diski za kuchomeka nje ya kompyuta. Mkongo wa SEACOM ulitua Dar mwaka 2009 na intaneti ikaanza kuchangamka, lakini kupandisha gigabaiti mia za picha za eksirei bado ni mtihani.

Eksteno zenyewe tulifundishwa kuzichagua na mgao wa umeme. Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta zake za ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski inazimika papo hapo na faili huenda likaharibika. Ndogo ya inchi 2.5 inakula umeme wa laptopu kupitia waya wa USB, na betri inaivusha. Ndiyo maana napendekeza ndogo, ingawa nyingi zina udhaifu mmoja: tundu la USB limechomelewa kwenye sakiti ya diski yenyewe. Likivunjika, huwezi tu kuitoa diski ukaitia kwenye kasha jingine.

Kariakoo utakuta pia diski za laptopu zilizochakaa, zimetiwa kasha jipya linalong'aa. Mwombe muuzaji aichomeke, kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya bure. Itakuonyesha saa ambazo diski imeshafanya kazi na sehemu zilizokwisha kufa. Diski mpya haiwezi kuwa na saa elfu nane. Ukiziona, mrudishie, tena kwa upole, maana huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Wateja huniuliza kampuni gani ni bora. Zimebaki tatu tu zinazotengeneza hadi diski: Seagate, Toshiba na Western Digital, na zote nimeona zikifa. Mwenye hela ya terabaiti nne namshauri anunue mbili za terabaiti mbili, kampuni tofauti, moja ikae Upanga, nyingine kwa ndugu Kimara, mlimani.