Rayon Sports: Deni la Klabu Isiyo na Mwenyewe

Mtu wa Gikondo, hapa Kigali, anayekwenda Uwanja wa Amahoro hupita Rwandex, akafika Sonatubes, kisha akapanda Remera. Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 2024 njia hiyo ilikuwa ya mashabiki. Rayon Sports na APR FC, watani wa jadi, walikutana kwa mara ya kwanza katika ligi tangu uwanja huo upanuliwe kutoka watu 25,000 hadi 45,000. Majukwaa yalijaa, mechi ikaisha 0-0.

Wiki tatu kabla, tarehe 16 Novemba, Rayon ilikuwa imemchagua Twagirayezu Thaddée kuwa rais wake. Jina hilo si geni kwa anayefuatilia hesabu za klabu hii. Lilisikika Septemba 2020, nyumba ilipokuwa inaungua, na mashabiki wa Rayon, watu wa buluu, hawapendi kuukumbuka mwezi ule.

Rayon ilizaliwa Nyanza mwaka 1968. Mapema 1994 iliitoa Al-Hilal ya Sudan katika mashindano ya Afrika, na wiki chache baadaye yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoondoka na wachezaji na mashabiki wake wengi. Mwaka 1998 ilikwenda Zanzibar, ikaifunga Mlandege 2-1 na kurudi na kombe la CECAFA.

Kuanzia hapo hadithi yake ni ya pesa, na ili kuielewa lazima kutazama jirani zake. APR ni timu ya jeshi. Police FC ni ya polisi. AS Kigali kwa miaka ilitunzwa na jiji, na timu nyingi za mikoani zinaishi kwa bajeti za wilaya. Mshahara wao una anwani. Rayon, sawa na Kiyovu Sports, imeishi kwa michango ya matawi ya mashabiki, viingilio, na mfuko wa mwenyekiti aliyepo.

Kuwa na taasisi nyuma yako nako si kinga ya milele. Wakazi wa Gikondo waliopanda twegerane, basi dogo la abiria, miaka ya 2000 walikuwa, bila kujua, wakiilipia timu ya mpira: ATRACO, chama cha wenye magari ya abiria, kilikuwa na ATRACO FC. Timu hiyo ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 2008. Mwaka uliofuata, chini ya Mganda Sam Timbe, ikaifunga El Merreikh 1-0 kwao Khartoum na kutwaa Kombe la Kagame pamoja na dola 30,000 za bingwa. Timbe ndiye aliyekuja kuipa Yanga kombe hilohilo mwaka 2011. Wakati huo ATRACO FC ilikuwa katika siku zake za mwisho. Mfadhili alipoondoa mkono, timu bingwa wa Afrika Mashariki na Kati ilifutika.

Rayon nayo ilijaribu kutafuta mlezi. Mwaka 2012, ikiwa imechoka, ilirudi Nyanza chini ya Murenzi Abdallah, meya wa wilaya hiyo wakati huo. Msimu mmoja ulitosha: mwaka 2013 ikawa bingwa. Kampuni ya bia ya Skol ikaingia kama mdhamini mwaka 2014, na baadaye timu ikarudi Kigali.

Kisha ukaja mwaka 2018, ambao mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi wanaukumbuka kwa machungu. Katika kundi lenye Yanga, Gor Mahia na USM Alger, Rayon ilishinda 2-1 Nairobi, ikaifunga Yanga 1-0 Kigali na kufika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, kabla ya Enyimba kuikomesha. Hatua hiyo ilikuwa na zawadi ya dola 350,000 kutoka CAF. Kocha Robertinho, ambaye baadaye alikwenda Simba, akaongeza ubingwa wa ligi mwaka 2019.

Julai mwaka huohuo Munyakazi Sadate alichaguliwa kuongoza. Kilichofuata kilijaza kurasa za The New Times kwa miezi. Machi 2020 korona ikasimamisha mpira, milango ya uwanja ikafungwa, na klabu iliyotegemea viingilio ikabaki mikono mitupu. Aprili mshambuliaji Mghana Michael Sarpong alifukuzwa baada ya kumsema vibaya rais wa klabu hadharani. Miezi michache baadaye alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Kipa Kimenyi Yves akaenda Kiyovu, nahodha Rutanga Eric akaenda Police. Uhusiano na Skol ukaingia doa. Viongozi wa zamani na wa wakati huo walibishana magazetini kuhusu nani aliacha madeni gani, na hata kuhusu nani hasa anaimiliki Rayon kisheria. Ugomvi ulifika hadi kwa Rais Kagame, aliyeulizwa habari hiyo katika mazungumzo ya redio na televisheni ya taifa mwanzoni mwa Septemba.

Baadaye mwezi huo RGB, bodi ya utawala ya nchi, ikauondoa uongozi wote na kuweka kamati ya mpito ya watu watatu: Murenzi yuleyule wa Nyanza, mwanasheria Nyirihirwe Hilaire, na Twagirayezu Thaddée. Oktoba akachaguliwa Uwayezu Jean Fidèle.

Watu wengi humlaumu Sadate peke yake. Mimi naona alifungua kabati ambalo wenzake walikuwa wamelifunga kwa miaka. Klabu ya kila mtu haikuwa na mtu wa kusimamia daftari lake, na kila kamati ilipokea madeni kwa mdomo na kuyakabidhi kwa mdomo.

Uwayezu alileta utulivu, akaondoka Septemba 2024. Msimu huohuo Haruna Niyonzima, kipenzi wa Yanga kwa miaka, alirudi Rayon na kuondoka kabla ligi haijachanganya. Vyombo vya habari vya Kigali vilitaja pesa za usajili. Nchi yetu ilianza kuandikwa kwenye jezi za Arsenal mwaka 2018, na sikuona ubaya wake. Inaniuma tu kwamba kampuni nyingi za hapahapa, ambazo kila mwaka hupanga mabanda yao kwenye maonyesho ya biashara ya Gikondo, hazijaona faida ya kuandika majina yao kwenye jezi inayovaliwa na wateja wao wengi. Lakini nani ataweka pesa pasipo hesabu?

Dirisha dogo la usajili hufunguliwa Januari. Kabla ya kumsaini yeyote, kamati inayoongoza Rayon iwasomee wanachama orodha ya madeni yote: nani anadai, tangu lini, na nani alitia sahihi.