Mkimbiaji Hujengwa Jikoni

Nilipopanda Kericho, kwenye mashamba ya chai, nilitarajia kuonyeshwa dawa za siri za wakimbiaji. Huko ndiko kwao Wilson Kiprugut, aliyeipa Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964. Nilikaribishwa ugali, sukuma wiki na mursik, maziwa lala ya kibuyuni. Ugali hurudisha nguvu. Maziwa hujenga mifupa na misuli. Chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwani hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Vijana wetu wa pwani, poda za kopo huenda zikawa na dawa zilizopigwa marufuku, na anayefungiwa ni mchezaji. Samaki, kunde na mchicha tunavyo. Goti likivimba, pumzika, kamwone daktari.