Podofilini na Historia ya Kuondoa Masundosundo

Masundosundo, yaani chunjua zinazoota katika sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, yalichunguzwa mapema na Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, kwa makini kuliko wengi waliomfuata. Alibainisha kwamba uvimbe alioutaja kwa jina la Kigiriki la thymion huacha kijizizi ndani ya nyama hata baada ya kukatwa, na kutoka hapo huchipuka upya. Dhana ya kijizizi haikuwa sahihi, lakini tatizo aliloliona lilikuwa la kweli, nalo liliwasumbua matabibu kwa karne nyingi: kinyama kikiisha kuondolewa, kinachokiotesha hubaki mwilini.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa kisu, chuma cha moto au dawa za kuunguza. Huko Ulaya katika karne ya 19, wakati matabibu wengi walipoyahesabu masundosundo kuwa zao la kisonono, mgonjwa aliweza kupakwa unga wa vitawi vya Juniperus sabina, mti mdogo wa jamii ya mreteni ambao uliogopwa pia kwa kuharibu mimba. Sababu ya unga huo kufaa ilifichuka katika karne ya 20, wanakemia walipokuta ndani yake podofilotoksini, sumu ileile iliyokwisha kupatikana katika mmea wa bara jingine usio na udugu wowote na mreteni.

Mmea huo ni Podophyllum peltatum, uotao katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, ambako Wacherokee na wenyeji wengine walitumia shina lake litambaalo chini ya ardhi kuharisha na kutoa minyoo. Walowezi waliiga matumizi hayo, dawa ikaingia katika kitabu rasmi cha dawa cha Marekani cha mwaka 1820, na baadaye matabibu wa mitishamba wa Cincinnati wakaeneza matumizi ya podofilini, utomvu mkavu unaotolewa katika shina hilo kwa spiriti, wakiusifu kuwa mbadala wa dawa za zebaki zilizokuwa zikiwadhuru wagonjwa. Sifa hizo zilipita kiasi, maana podofilini nayo ilisokota matumbo vikali mno, na mnamo 1942 ikaondolewa katika kitabu hicho.

Mwaka uleule Kaplan, tabibu wa New Orleans, alichapisha taarifa kwamba podofilini iliyochanganywa na mafuta kwa kiwango cha 25%, ikipakwa juu ya masundosundo, huyanyausha na kuyaangusha katika muda wa siku chache. Mnamo 1944 yeye na mwenzake Culp walieleza habari za wagonjwa 200 waliotibiwa hivyo, na mwaka 1946 King na Sullivan wakaonyesha kwamba athari yake kwa seli inafanana na ile ya kolkisini, dawa ya kale ya jongo, ambayo huzuia seli kugawanyika. Uwezo huohuo ndio uliowavutia baadaye watafiti wa saratani, nao wakaunda etoposidi kutokana na podofilotoksini.

Hata hivyo, dawa hiyo ilibaki kuwa sumu. Ilipasa ioshwe baada ya saa 1 hadi 4, isipakwe eneo kubwa wala asipewe mjamzito, na kwa sababu hiyo brashi ilishikwa na mhudumu wa kliniki, naye mgonjwa akalazimika kurudi wiki baada ya wiki kuvua nguo mbele ya mgeni. Aibu hiyo, ambayo huenda iliwafukuza wengi kuliko maumivu, haina nafasi kubwa katika maandishi ya kitabibu ya wakati ule. Mnamo 1990 Marekani iliidhinisha podofilotoksini iliyosafishwa, ya 0.5%, ambayo mgonjwa hujipaka mwenyewe nyumbani, na mwaka 1997 ikafuata imikwimodi, krimu isiyounguza kinyama bali huamsha kinga ya mwili ikishambulie. Kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, kuchoma kwa umeme na asidi ya trikloroasetiki, ambayo hata mjamzito huweza kupakwa, vimebaki kuwa kazi ya kliniki.

Wakati tiba zikibadilika, kisababishi nacho kilikuwa kikitafutwa. Mwaka 1954 tabibu Barrett na wenzake walieleza masundosundo yaliyowapata wake wa askari wa Marekani waliorudi kutoka Korea, ushahidi mzito kwamba maradhi huambukizwa kwa kujamiiana. Na mnamo 1980 Gissmann na zur Hausen, nchini Ujerumani, walitenga katika masundosundo aina ya 6 ya virusi vya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazosababisha takriban visa 9 kati ya 10, nazo zilijumuishwa katika chanjo iliyoidhinishwa mwaka 2006. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007, ambapo miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 21 waliofika katika kliniki za afya ya ngono zilizofuatiliwa, 11.5% walikutwa na masundosundo. Kufikia 2011 kiwango hicho kilikuwa 0.85%. Rwanda ilianza kuchanja mwaka huohuo wa 2011, na Tanzania mwaka 2018, ingawa katika nchi zote mbili chanjo ilitolewa hasa kwa ajili ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Na mahali ambapo serikali huchagua chanjo inayolenga aina ya 16 na ya 18 pekee, zile zinazohusika na saratani hiyo, masundosundo huendelea kutibiwa kwa brashi, asidi na baridi kali.