Somo la Leo: Maneno ya Kuazima

Fungueni madaftari, mwandike neno hili: u-so-nji.

Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Watatu hawakusema. Wanane walisema, lakini kwa namna ya ajabu. Mtoto aliyetaka maziwa alisema, "Wataka maziwa?", vile vile alivyozoea kuulizwa.

Wengi wakadhani huo ni mwangwi mtupu. Tena wataalamu wengine wakawalaumu akina mama, ati hawakuwapenda watoto wao. Neno hilo lilikuwa la uongo, nalo liliumiza nyumba nyingi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu cha kulipinga.

Mwaka 1981 Barry Prizant na Judith Duchan waliuchunguza mwangwi ule. Wakaona kuwa mara nyingi mtoto huomba kitu, au hukubali, kwa maneno hayo hayo ya kuazima. Basi alikuwa akisema siku zote!

Na asiyesema je? Mwaka 1985, katika jimbo la Delaware, Andy Bondy na Lori Frost walianza kazi ya picha. Mtoto akitaka ndizi, humpa mtu picha ya ndizi, na hapo hapo hupewa ndizi. Mtu wa pili hukaa nyuma yake, akiuongoza mkono wake kimya kimya. Haulizwi kwanza, "Wataka nini?" Mtoto ndiye anayeanza. Watu wengine waliogopa kuwa picha zingemzuia asiseme. Haikuwa hivyo.