Kutenga si Kutoa: Msamiati wa Bajeti Mwaka wa Kura

Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, alisoma bungeni Dodoma bajeti ya Sh trilioni 56.49 ya mwaka 2025/26. Uchaguzi Mkuu ulikuwa tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo hotuba ile ilisikilizwa kwa masikio mawili: la mlipa kodi na la mpigakura. Majibu ya wananchi katika msimu kama huo tunayajua. Yupo anayemsifu Rais akisema Mama anaupiga mwingi, yupo anayesema hiyo ni bajeti ya uchaguzi, na wengi katikati husema tusubiri utekelezaji. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya tofauti zao imejificha ndani ya kitenzi kimoja: kutenga.

Mama wa Igoma, Mwanza, akisema ametenga ada ya mtoto, fedha ile anayo. Imefungwa kwenye kona ya khanga au imewekwa kwenye simu, na haiguswi kwa jambo jingine. Katika Kiswahili cha nyumbani huwezi kutenga usichokuwa nacho; unatenga sehemu ya kile kilichoko mkononi. Ndiyo maana tukisikia “Serikali imetenga shilingi bilioni kadhaa”, masikio yetu yanapokea habari ya jambo lililokwisha. Kiambishi “-me-” kinakamilisha kazi, na shangwe huanza hapo.

Kumbe tarehe 12 Juni mwaka wa fedha wenyewe haujaanza. Unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni ya mwaka unaofuata, na mapato yake yatakusanywa mwezi kwa mwezi. Jina rasmi la kinachosomwa bungeni linalisema hilo waziwazi: makadirio ya mapato na matumizi. Kukadiria ni kupima kwa akili kabla ya kupima kwa mizani, na neno hilo halimdanganyi mtu. Lakini neno “makadirio” limebaki kwenye majalada ya vitabu vya bajeti, huku “imetenga” likipanda majukwaani.

Baada ya kutenga kuna vitenzi vingine vinavyostahili kujulikana na kila mtu. Bunge huidhinisha, kwa kura ambayo kila mbunge huitwa jina na kujibu. Kura hiyo ni nzito kiasi kwamba, kwa Ibara ya 90 ya Katiba, Bunge likiikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Kisha Hazina hutoa fedha. Watu wa halmashauri wana msemo wao mzuri kwa hatua hii: fedha zimeshuka, au hazijashuka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka hadi mwaka, zimekuwa zikitaja mafungu yaliyopokea pungufu ya kilichoidhinishwa. Pengo hilo kati ya kutenga na kushuka ndilo mwananchi analolihisi zahanati inapokaa bila paa.

Wakazi wa Mwanza wana mifano miwili mikubwa machoni. Tarehe 19 Juni 2025, wiki moja tu baada ya hotuba, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 2019, na gharama yake ilipita Sh bilioni 700. Bajeti baada ya bajeti lilikuwa limetengewa fedha. Siku ile likawa limekamilika, na msafiri wa Sengerema au Geita hakuhitaji tena kushuka garini kusubiri kivuko. Upande wa pili kuna reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341. Jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021 pale Fela, Misungwi, na hotuba ile ya 2025 ilisomwa treni ikiwa bado haijaanza safari. Miradi yote miwili ilitengewa fedha. Neno ni lilelile, hatua ni tofauti.

Upande wa mapato nako kuna maneno ya kuchambua. Sheria hutofautisha kodi, ushuru, ada na tozo. Lakini muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, anayelipia leseni, akalipa ushuru wa gunia na kupewa risiti ya mashine, kisha akatuma fedha kwa simu, ana neno moja kwa yote: makato. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, malalamiko yalikuwa makubwa hadi Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Wananchi hawakuhitaji kamusi kujua wamekatwa. Hata hivyo kamusi ingewasaidia kujua wamuulize nani: ushuru wa sokoni ni wa halmashauri, tozo ile ilikuwa ya Serikali Kuu.

Nayapenda pia maneno ambayo siasa yetu imeyazaa yenyewe. Kwa miaka mingi viongozi wetu wamesema kasungura ni kadogo, hakatoshi kugawanywa kwa wote. Picha hiyo inaeleweka Sengerema na Ukerewe kuliko “keki ya taifa”, kwa sababu inamkumbusha msikilizaji kwamba kabla ya kugawa nyama lazima mtu awe amewinda.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu: hotuba ijayo ikisomwa, tuandike “Serikali inakusudia kutumia” pale ambapo fedha bado ni makadirio, na “imetoa” pale tu zilipokwisha kushuka. Nawe msomaji, mgombea akikwambia zimetengwa, mshukuru, kisha muulize kwa Kiswahili chepesi: zilizotengwa mwaka jana zilishuka ngapi?