Bahari Nayo Itatoa Hesabu

  Chukua chai yako ukae, maana leo neno ni refu kidogo.

Majuzi nilikuwa kwenye matanga upande wa Bungoma. Baada ya mazishi mzee mmoja alinivuta kando, tukakaa chini ya mwembe, akaniambia, "Pastor, nisaidie. Ndugu mkubwa wa baba yangu alienda Keya wakati wa vita vya Hitler. Barua yake ya mwisho ilitoka Mombasa, ikisema wanangoja meli. Hakurudi. Nyanya alikufa akimngoja. Sasa wazee wengine wa ukoo wanasema tuzike mgomba badala yake, ili atulie. Wewe mtumishi unasemaje?"

Sikumjibu hapo hapo. Nilimwambia, "Mzee, nipe muda niombe, na nisome." Nimeomba, nimesoma. Haya ndiyo niliyoyapata, nawe uyasikie, kwa sababu pengine hata kwenu kuna mtu aliyeenda asirudi.

Huenda unajiuliza kijana wa Bungoma alikuwa na ugomvi gani na Mjapani. Hakuwa nao. Lakini Februari 1942 Japani iliteka Singapore, na Aprili manowari zake zikaingia katika Bahari ya Hindi. Zilikuwa meli 5 za kubeba ndege, zikizungukwa na manowari nyepesi za mbio, zile ambazo Waingereza huziita kwa jina lenye maana ya mharibifu. Kazi ya mharibifu ni kuwinda adui na kulinda meli kubwa, kama mbwa wa mchungaji anavyolizunguka kundi. Tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Japani zilipiga Colombo, katika kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka. Tarehe 9 zikapiga Trincomalee na kuzamisha Hermes, meli ya Waingereza ya kubeba ndege. Waingereza wakarudisha meli zao nyingi nyuma, mpaka Kilindini.

Umeona? Vita vya mbali vilifika mlangoni petu. Mombasa ikawa kituo kikuu cha manowari, na kutoka hapo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland wakapakiwa kwenda ng'ambo, kwanza Ceylon, kisha misitu ya Burma.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli 5 uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwemo watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa askari wa kikosi cha mizinga namba 301 cha Afrika Mashariki pamoja na maofisa wao. Kulikuwa pia na mabaharia, na wanawake waliokuwa wauguzi na watumishi wengine wa jeshi. Ulinzi ulikuwepo: manowari kubwa Hawkins, na waharibifu wawili wa Kiingereza, Petard na Paladin.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iitwayo I-27 ilirusha topedo, yale makombora yanayopita chini ya maji. Mbili zikaipiga Khedive Ismail. Meli ilizama kwa muda wa kama dakika 2. Mpendwa, dakika 2 hazitoshi hata kufunga kamba za viatu na kupanda ngazi. Waliokufa ni 1,297. Wanaume waliookoka ni 208, na wanawake 6 tu.

Lakini ngoja, kuna jambo zito zaidi.

Watu kadhaa walikuwa wanaelea majini, wameshikilia mbao, wanaita. Paladin ikaanza kushusha mashua iwaokoe. Wakati huo huo ile nyambizi ilikuwa imejificha chini, karibu na hapo hapo walipokuwa wakiogelea. Meli zingine 4 zilizojaa watu bado zilikuwa karibu. Kama nyambizi ingeachwa, ingeweza kupiga tena. Petard ikaambiwa ishambulie. Ikapita ikidondosha mapipa ya baruti, yale yanayozama kisha yanalipuka chini ya maji, na baadhi ya watu waliokuwa wameponea topedo la adui wakafa kwa milipuko ya meli iliyokuja kuwalinda. Mwishowe nyambizi ilisukumwa juu. Paladin ilijaribu kuigonga, ikaumia ubavu. Petard ikapiga mizinga, haikutosha. Ikarusha topedo moja moja, na la 7 ndilo lililoimaliza.

Nimekaa na habari hii siku nyingi. Najua kuna mhubiri ambaye angesimama hapa aseme, "Mnaona ulinzi wa wanadamu ulivyo bure? Wangemtegemea Mungu wangepona." Mimi sitasema hivyo. Kwenye meli ile walikuwemo watu waliomjua Mungu, waliokuwa na mama zao nyumbani wamepiga magoti. Usimwambie mfiwa kwamba maombi ya mama yake yalikuwa mafupi. Wala sina haraka ya kumhukumu yule kapteni aliyetoa amri. Alikuwa na watu wa kuokoa mbele yake na watu wengi zaidi nyuma yake. Vita humfikisha mtu mahali ambapo kila njia ina damu. Ndiyo maana tunaombea amani kabla vita havijaja, si baada.

Nikasoma habari nyingine, nayo ikanigusa. Kulikuwa na mharibifu wa Japani aitwaye Yukikaze. Alipigana Midway, alipigana Guadalcanal, na mwaka 1945 alikuwepo siku ile manowari kubwa Yamato ilipozamishwa. Ndugu zake wa muundo ule walikuwa 19 pamoja naye, na ni yeye peke yake aliyeuona mwisho wa vita. Unajua alifanya nini baadaye? Aliondolewa silaha akatumwa kuwachukua Wajapani waliokuwa wametawanyika ng'ambo, akawarudisha kwao kwa maelfu. Chombo kilichojengwa kuua kilimaliza kazi yake kwa kurudisha watu nyumbani.

Nikajiuliza, wetu wa Khedive Ismail nani alitumwa kuwarudisha? Hakuna. Maji yaliwafunika. Hakuna kaburi la kupalilia, hakuna mahali pa kuweka ua.

Hapo ndipo Neno liliponishika. Fungua Ufunuo 20:13. Yohana anaonyeshwa siku ya mwisho, na bahari inawatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Bahari! Haikusahauliwa. Si makaburi yenye saruji tu yatakayofunguliwa. Kila aliyemezwa na maji yuko kwenye hesabu. Na Zaburi 139 inatuambia kwamba hata ukienda mpaka mwisho wa bahari, mkono wa Mungu uko huko kukushika. Serikali inaweza kukuandika kama namba. Mungu wetu huita watu kwa majina.

Basi nilimpigia simu yule mzee. Nilimwambia hivi: "Mzee wangu, sijui kama ndugu wa baba yako alipanda meli hiyo, na sitakudanganya. Lakini mgomba hautamtuliza, maana hajapotea machoni pa Mungu. Ninyi ndio mnaohitaji kutulia. Kusanyeni ukoo. Mtajeni kwa jina lake lote, na la baba yake. Watoto wasikie. Andikeni kwenye Biblia ya familia mwaka aliotoka nyumbani. Mimi nitakuja, tutaimba, tutaomba, tutamkabidhi."

Tena nikamwambia kwamba kule Nairobi, karibu na Ngong Road, kuna makaburi ya vita, na humo kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki. Majina ya askari wa kikosi namba 301 waliozama na Khedive Ismail yako hapo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa simu bila malipo. Mjukuu wake ameshaanza kutafuta, akijaribu kila namna jina lile lingeweza kuandikwa na karani Mzungu. Bado hajalipata. Anaendelea.

Wewe je? Kwenu kuna nani ambaye jina lake halitajwi tena kwa sababu hakuna kaburi? Wakiwepo wazee, waulize leo, kabla hawajaondoka na majina hayo. Liandike hapa chini, na jioni hii nitayasoma yote kwa sauti katika maombi.

Tuombe. Baba, wewe unayeijua bahari mpaka chini yake, wakumbuke wana wetu waliolala huko bila kaburi. Futa machozi yaliyorithiwa na wajukuu. Wakumbuke pia mama za Wajapani waliongoja wasione mtu. Na vijana wetu wa Bungoma na Trans Nzoia, wasipakiwe tena kwenye vita visivyo vyao. Katika jina la Yesu, amina.