Kadi Nyekundu Katika Raga: Refa Huangalia Nini, na Mzazi Aulize Nini

Kila tukizungumzia raga kwenye kipindi cha michezo, simu zinazoingia huwa za aina mbili. Ya kwanza ni ya shabiki aliyekasirika: "Refa ametuua! Kijana wetu hakukusudia, mbona akampa kadi nyekundu?" Ya pili hupigwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama: "Mwanangu wa kidato cha pili amechaguliwa timu ya shule. Nimkubalie ama nimkataze?"

Maswali haya mawili yana jibu moja. Sheria inayomkasirisha shabiki ndiyo inayolinda kichwa cha mtoto wa yule mama. Katika makala haya tunaeleza refa wa raga anaangalia nini, kadi hutolewaje, na kwa nini timu isiyomheshimu refa haiwezi kukuza wachezaji. Soma polepole, na ukipenda mtumie mwalimu wa michezo wa shule iliyo karibu nawe.

Refa ana kazi gani uwanjani?

Raga ya wachezaji 15 kila upande huchezwa dakika 80, vipindi viwili vya dakika 40. Kwa vijana wa chini ya miaka 19, kila kipindi ni dakika 35. Raga ya wachezaji saba huwa na vipindi viwili vya dakika 7 tu. Hapa Kenya, shule za sekondari kwa kawaida hucheza ya 15 muhula wa kwanza na ya saba muhula wa pili.

Mechi kubwa za kimataifa huwa na refa mmoja, wasaidizi wawili wa pembeni, na afisa anayetazama picha za video. Mechi ya shule kijijini huwa na refa mmoja, na wasaidizi wakipatikana ni bahati. Hakuna video. Refa huyo anafuatilia watu 30 wanaokimbia na kugongana, na anatakiwa kuamua papo hapo.

Kuna mambo mawili ambayo mashabiki wengi hawayajui.

La kwanza ni faida. Refa akiona kosa, si lazima apulize kipenga mara moja. Hunyoosha mkono kuelekea upande wa timu iliyokosewa na kuacha mchezo uendelee, aone kama timu hiyo itanufaika. Isiponufaika, anarudi kwenye kosa la kwanza. Mara nyingi watu wakipiga kelele kwamba refa ni kipofu, mkono wake tayari uko hewani. Ameona, ila anawapa nafasi ya kufunga.

La pili ni nani anayeruhusiwa kuzungumza naye. Nahodha ndiye humwendea refa kwa adabu na kuuliza. Mchezaji mwingine akianza kubishana, refa anaweza kusogeza penalti mita 10 mbele. Penalti ikipigwa katikati ya nguzo huleta pointi 3. Kwa hiyo mdomo wa mchezaji mmoja unaweza kuigharimu timu nzima mechi.

Kukaba: hapa ndipo kadi nyingi hutoka

Sheria inasema mtu akabwe chini ya mstari wa mabega. Ukianzia kifuani halafu mkono ukateleza hadi shingoni, bado ni kosa. Ni kosa pia kumgonga mtu kwa bega bila kumzungushia mikono, kumwinua na kumwangusha kichwa chini, au kumkaba akiwa angali hewani anadaka mpira.

Mchezaji akigongwa kichwani, refa hujiuliza maswali manne kwa mpangilio:

1. Je, kichwa kimeguswa?
2. Je, aliyekaba alifanya kosa, kwa mfano alikuja akiwa amesimama wima?
3. Je, hatari ilikuwa kubwa au ndogo? Kasi na nguvu ya mgongano ndivyo hutazamwa.
4. Je, kuna jambo la kupunguza adhabu, kama vile mwenye mpira kuinama ghafla dakika ya mwisho?

Sikia vizuri, shabiki: kwenye orodha hiyo hakuna swali la "Je, alikusudia?" Ubongo wa aliyegongwa haujui nia ya aliyemgonga. Mchezaji ana wajibu wa kuinama kabla ya kukaba. Asipoinama, hata kama ni kijana mpole asiye na ubaya na mtu, anabeba matokeo.

Mfano mkubwa ulionekana mbele ya dunia nzima. Tarehe 28 Oktoba 2023, Afrika Kusini na New Zealand zilikutana jijini Paris kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Katika kipindi cha kwanza, nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alimkaba Jesse Kriel juu, akamgonga kichwani. Refa Wayne Barnes alitoa kadi ya njano, na maafisa wa video wakaikagua wakati Cane akisubiri nje. Ikageuzwa kuwa nyekundu. Cane akawa mchezaji wa kwanza kupewa kadi nyekundu katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume.

Kipindi cha pili, nahodha wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, naye alipewa kadi ya njano kwa kugusa kichwa. Yake ilikaguliwa ikabaki njano, kwa sababu hatari ilionekana kuwa ndogo zaidi. Afrika Kusini ilishinda 12 kwa 11. Mashabiki wanabishana hadi leo. Lakini ukirudi kwenye yale maswali manne, utaona kilichotenganisha kadi hizo mbili ni swali la tatu.

Kadi zinagharimu nini?

Kadi ya njano: dakika 10 nje katika raga ya 15, na dakika 2 katika raga ya saba. Usidharau hizo dakika 2. Mechi nzima ya saba ni dakika 14, kwa hiyo ni sehemu moja ya saba ya mchezo, na mnabaki sita uwanjani.

Kadi mbili za njano kwa mchezaji mmoja: nyekundu.

Kadi nyekundu: umetoka, hurudi. Kwa kawaida timu inabaki na pengo hadi mwisho, na baada ya mechi mchezaji hufika mbele ya kamati ya nidhamu ambayo inaweza kumfungia mechi kadhaa. Baadhi ya mashindano makubwa, kama Six Nations ya mwaka 2025, yametumia utaratibu mpya: aliyekosa harudi, lakini baada ya dakika 20 timu yake inaweza kuingiza mwingine. Wanaouunga mkono wanasema mtu mmoja asiharibu mechi ya watu wote. Wanaoupinga wanasema adhabu ikipunguzwa, makocha hawatahangaika kufundisha kukaba chini. Mimi niko na hao wa pili, na nitaeleza kwa nini.

Refa naye hukosea

Hakuna anayesema refa ni malaika. Tarehe 18 Oktoba 2015, katika robo fainali ya Kombe la Dunia, Scotland ilikuwa inaongoza Australia zikibaki dakika chache. Refa Craig Joubert aliipa Australia penalti, ikafungwa, Australia ikashinda 35 kwa 34. Baadaye shirikisho la raga duniani, World Rugby, lilisema wazi kwamba uamuzi ule haukuwa sahihi. Scotland ilikwenda nyumbani hivyo hivyo.

Kosa likitokea, kuna njia ya kulalamika: kocha huandika ripoti na kuipeleka kwa wanaosimamia marefa. Anayechagua njia nyingine huadhibiwa. Mwaka 2021, Rassie Erasmus wa Afrika Kusini alitoa video ya zaidi ya saa moja akimkosoa refa Nic Berry. Alifungiwa miezi miwili kutoka shughuli zote za raga, na kukatazwa kazi za siku ya mechi hadi mwisho wa Septemba 2022. Alikuwa kocha aliyeshinda Kombe la Dunia la 2019, na hilo halikumwokoa.

Matusi yana gharama nyingine. Baada ya ile fainali ya 2023, Wayne Barnes alistaafu siku chache tu baadaye, na alizungumza waziwazi kuhusu matusi na vitisho ambavyo yeye na familia yake walipata. Afisa wake wa video, Tom Foley, aliacha kusimamia mechi za kimataifa kwa sababu hiyo hiyo.

Hao ni marefa wanaolipwa na kulindwa. Sasa fikiria mwalimu wetu huku mashinani. Nimewahi kuwa kando ya uwanja wa shule moja ambapo refa, mwalimu wa shule jirani, alimpa kijana wa wenyeji kadi nyekundu kwa kukaba shingoni. Watu wazima, wazazi wa watoto, waliingia uwanjani wakamzunguka. Hakuguswa, lakini mechi iliishia hapo. Wiki iliyofuata kulikuwa na mechi ya wadogo kwenye uwanja huo huo. Refa hakupatikana. Watoto wakakaa na jezi zao hadi saa kumi, wakavua, wakaenda nyumbani.

Aliyepoteza siku ile ni nani? Si refa.

Kipaji hakikui bila sheria

Kenya ina vipaji vya raga, hilo halina ubishi. Tarehe 17 Aprili 2016, timu yetu ya saba, Shujaa, iliifunga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore Sevens. Miezi minne baadaye, Fiji hiyo hiyo ilichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Shujaa pia imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba mara mbili, 2009 na 2013. Mwaka 2019 vijana wa chini ya miaka 20, Chipu, waliishinda Namibia na kuwa mabingwa wa Afrika.

Lakini katika raga ya 15, Simbas hawajawahi kucheza Kombe la Dunia. Kuna sababu nyingi, za fedha na za uongozi. Mimi naongeza moja inayoanzia shuleni. Raga ya saba hutegemea sana mbio, na mbio tunazo. Raga ya 15 hudai pia nidhamu ya dakika 80: kukaba chini hata ukiwa umechoka, kutoingia kwenye mrundikano kwa upande usioruhusiwa, kunyamaza refa akiamua. Mambo hayo hayafundishwi kambini kwa wiki mbili. Mchezaji huja nayo kutoka shuleni, au haji nayo kabisa.

Kocha wa shule akimsifu kijana kwa kumgonga mwenzake hadi asimame kwa taabu, amemfundisha jambo ambalo litamletea kadi siku atakayochezea taifa. Refa anayeliachilia kosa hilo kwa kuogopa kelele za wenyeji naye amemfundisha vivyo hivyo. Ndiyo maana napinga kulegeza adhabu. Kocha hubadilika kosa likimgharimu.

Sheria za vijana pia zipo kwa sababu. Kwa mfano, chini ya miaka 19, timu hairuhusiwi kusukuma skramu zaidi ya mita 1.5, ili kulinda shingo ambazo bado hazijakomaa. Refa asipoijua sheria hiyo, hatari ni ya mtoto.

Mama, haya ndiyo ya kuuliza

Nirudi kwa yule mama aliyetupigia. Mimi sikumwambia amkatalie mwanawe. Raga imewapa vijana wengi marafiki, na wengine karo na kazi. Nilimwambia aende shuleni aulize maswali matatu.

Kwanza, nani huwafundisha kukaba, na huanza vipi? Jibu zuri ni hili: wanaanza kwa magoti, kisha kutembea, kisha kukimbia, na kichwa huwekwa upande salama wa mwili wa anayekabwa. Kama jibu ni "watajifunza kwenye mechi", subiri kwanza.

Pili, mtoto akigongwa kichwa, nani huamua kama anaendelea? Jibu sahihi ni moja: anatoka, na harudi siku hiyo. Dalili za mtikisiko wa ubongo ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, au kusahau matokeo. Mtu si lazima azirai. Apelekwe kituo cha afya, na kurudi kucheza ni baada ya wiki kadhaa, kwa ruhusa ya mhudumu wa afya.

Tatu, refa wa mechi hizo amesomea wapi? Hapa kila mtu mwenye simu anaweza kusaidia. World Rugby ina masomo ya bure mtandaoni kuhusu sheria, usalama wa wachezaji na majeraha ya kichwa. Mwalimu anaweza kuyasoma. Kijana aliyemaliza shule asiyepata klabu anaweza kuyasoma, akaanza kupuliza kipenga kwenye mechi za wadogo. Wasichana vilevile: kwenye Kombe la Dunia la wanaume la 2023, Joy Neville wa Ireland alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa afisa wa video katika mashindano hayo.

Nawe shabiki, Jumamosi ijayo ukiwa kando ya uwanja, kabla hujapaza sauti, tazama mkono wa refa, kisha tazama kichwa cha aliyekabwa. Ukiona bado amekosea, mwambie nahodha amuulize. Sisi wengine tuendelee kushangilia, ili wiki inayofuata refa arudi na wadogo wapate kucheza.